Isikilize tovuti yako kabla hujaikabidhi

Ami yangu alisomesha skuli zaidi ya miaka thelathini kabla presha ya macho haijamchukulia uoni wake. Siku hizi anasoma kwa masikio. Kwenye simu anatumia TalkBack, kwenye laptopu anatumia NVDA, programu zinazomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, na ukipita kwake hapa Chake Chake baada ya alasiri utamkuta barazani, eafoni iko sikio moja, sikio la pili amewaachia wapita njia wanaomsalimia.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nina wateja wa nyumba za wageni, wauza viungo, skuli za binafsi. Mwaka jana nilitengeneza tovuti ya kikundi cha kina mama wanaolima mwani na kuufanya sabuni. Nilikuwa nimeshasoma kidogo habari za tovuti ambazo watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, kwa hiyo kabla ya kuikabidhi niliipitisha kwenye Lighthouse, kipimo kilichomo ndani ya kivinjari cha Chrome. Kikanambia rangi zangu hafifu, nikazikoleza. Kikanambia picha hazina maelezo, nikaziwekea. Mwisho kikatoa alama 100 za kijani, nami nikenda moja kwa moja kwa Ami nikamfungulia ukurasa kwenye laptopu yake.

Alibonyeza vitufe viwili vitatu, kisha akatulia.

"Mwanangu, hii lugha gani?"

Nikaivaa eafoni mwenyewe. Kompyuta ilikuwa inasoma Kiswahili changu kwa matamshi ya Kiingereza. Wete imekuwa "wiit". Ole, nalo jina la mahali hapa Pemba, imekuwa "oul". Sabuni imekuwa "sabyuni", na kitufe cha "Tuma" kinasema "tyuma". Ami ameiweka NVDA yake isome Kiswahili, na kila siku inamsomea vizuri. Ni ukurasa wangu ulioiamrisha igeuke.

Yaliyofuata jioni ile, na jioni nyingine nyingi nilizokaa naye pale barazani, ndiyo ninayokuandikia wewe unayetengeneza tovuti, au unayemlipa mtu akutengenezee.

Anza na herufi mbili

Fungua ukurasa wako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, utaona msimbo wake, yaani maandishi yanayoujenga. Pale juu kabisa tafuta mstari unaofanana na huu:

`<html lang="en">`

Templeti nyingi tunazozichukua zimetengenezewa watu wa Kiingereza, na mstari huo umebaki kama ulivyoandikwa. Maana yake ni kwamba unaiambia kila programu inayosoma skrini: yaliyomo humu ni Kiingereza. NVDA ikiukuta, inaacha lugha aliyoichagua mwenyewe na kuufuata ukurasa. Ubadilishe uwe:

`<html lang="sw">`

Ni hilo tu. Sauti ya eSpeak NG inayokuja pamoja na NVDA inajua Kiswahili, na simu za Android zina sauti ya Kiswahili ya Google. Zinasubiri kuambiwa. Kwa wanaotumia WordPress, ule mfumo wa kujengea tovuti, lugha ya tovuti iko kwenye mipangilio, lakini usiridhike na mipangilio peke yake; rudi kwenye Ctrl na U uhakikishe.

Lighthouse haikuniambia kitu kwa sababu yenyewe inaangalia kama lugha imetajwa na kama jina lake ni sahihi. Haijui kuwa niliyoyaandika chini yake ni Kiswahili.

Tovuti zetu nyingi huku visiwani zina lugha mbili au tatu. Aya ya Kiingereza kwa ajili ya wageni iwekee `lang="en"` yake yenyewe, pale pale kwenye tagi ya aya, ile alama ya msimbo inayoifungua. Na ukiweka aya ya Qurani kwa maandishi ya Kiarabu, iandikie `lang="ar" dir="rtl"`, isomwe kwa Kiarabu na ipangike kutoka kulia. Maneno kama "intaneti" au "hoteli" yaache, hayo yameshakuwa yetu.

Funika skrini kwa kanga

Pakua NVDA. Ni bure, inatumika kwenye Windows, na aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Mwenzake James Teh, aliyeijenga pamoja naye, pia haoni. Ndiyo maana inajua mahitaji ya mtumiaji wake.

Ukishaiwasha, tupia kanga juu ya skrini. Nasema kweli, ifunike. Ukibaki unaona, macho yatakusaidia bila wewe kujua, na utadhani ukurasa unaeleweka. Kisha jifunze vitufe hivi vichache: Ctrl inainyamazisha. H inakurusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, F kwenye sehemu ya fomu, G kwenye picha. Insert na F7 kwa pamoja zinakufungulia orodha ya viungo na vichwa vyote vya ukurasa. Kwa siku ya kwanza vinatosha.

Kwenye simu, kabla hujaiwasha TalkBack, weka kwanza njia ya mkato ya kuizima kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti. Nimewaona watu wazima wakihangaika na simu zao wasijue watokee wapi. Ikishawaka, telezesha kidole kulia kwenda mbele, gusa mara mbili kufungua.

Nilipomtazama Ami, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba haanzi juu akashuka neno kwa neno. Anabonyeza H, H, H, akisikiliza vichwa, kama wewe unavyopitisha macho gazetini kutafuta habari unayoitaka. Kwenye tovuti yangu alibonyeza H mara moja akapata jina la kikundi. Akabonyeza tena, ikamjibu hakuna kichwa kingine. Mimi "Bidhaa zetu", "Bei" na "Jinsi ya kuagiza" nilikuwa nimeziandika kwa herufi nene na kubwa. Kwa jicho ni vichwa. Kwa NVDA ni maandishi kama mengine yoyote, na Ami akawa hana njia ila kusikiliza ukurasa mzima.

Basi tumia tagi za vichwa: jina la ukurasa liwe `h1`, moja tu. Sehemu kubwa ziwe `h2`, na zilizo ndani ya hizo `h3`. Usichague `h4` eti kwa sababu herufi zake zimekupendeza. Ukubwa wa herufi unapangwa kwenye CSS, sehemu ya msimbo inayoshughulikia sura ya ukurasa.

Kisha akafungua orodha ya viungo. Nikasikia: "Bofya hapa. Bofya hapa. Bofya hapa. Soma zaidi. Bofya hapa." Ami hakusema kitu, aligeuza uso upande wangu akasubiri. Kiungo lazima kieleweke kikisomwa peke yake, mbali na sentensi yake. "Agiza sabuni ya karafuu" kinaeleweka. "Angalia bei za rejareja" kinaeleweka. "Hapa" si mahali.

Picha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa na uhakika kwamba nimemaliza.

Tovuti ilikuwa na picha tisa za sabuni na zote tisa nilizipa maelezo yale yale: "picha ya sabuni". Kipimo kiliridhika. Ami alibonyeza G mpaka ya tano, akauliza: "Picha zote ni moja?" Nikamwambia hapana, kila moja ni sabuni ya aina yake. Akanambia, "Basi nieleze kama unavyomweleza mtu kwa simu, anayetaka kununua."

Tukakaa tukaziandika pamoja. Ya kwanza, ndani ya `alt`, yaani sehemu ya msimbo inayobeba maelezo ya picha, ikawa:

`alt="Kipande cha sabuni ya mwani na karafuu, kijani kilichofifia, kimefungwa kwa ukindu"`

Kwa maneno hayo machache mnunuzi anajua ni sabuni gani, ya rangi gani, na kwamba imefungwa kizawadi. Neno "picha ya" tuliliondoa, maana NVDA inatangaza yenyewe kuwa hii ni picha, na kulisikia mara mbili kwa kila bidhaa kunachosha.

Swali la kujiuliza mbele ya kila picha ni: ipo hapa kwa kazi gani? Picha ile ile ya mama aliyesimama shambani kwenye maji kupwa, ikiwa kwenye ukurasa wa "Sisi ni nani", ieleze: mama huyo anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, maji yamemfika magotini. Ikiwa imewekwa chini ya ukurasa kama pambo, iandikie `alt=""`, alama mbili za kufungua na kufunga bila kitu kati, na programu itaipita kimya. Usiiache bila `alt` kabisa. Ukiiacha, programu inaweza kumsomea jina la faili, na "IMG 2045 JPG" halimfai mtu yeyote.

Halafu kuna mabango. Sisi watu wa hapa tunapenda bango: ratiba ya Ramadhani ni bango, orodha ya bei ni bango, tangazo la harusi, nauli mpya, majina ya waliochaguliwa, yote picha moja iliyosambazwa kwa WhatsApp kisha ikapandishwa kwenye tovuti. Kina mama nao walinipa bango la bei, na mimi nikalipandisha. Hakuna `alt` ya kutosha kubeba bei kumi na nne. Maandishi yawe maandishi. Bei tulizipanga kwenye jedwali la kweli lenye tagi za `th`, yaani za vichwa vya jedwali, juu ya kila safu, na sasa Ami akishikilia Ctrl na Alt akatembea kwa mishale, anasikia "bei ya jumla" kisha namba yake. Bango lenyewe unaweza kulibakisha kwa anayelipenda, ilimradi habari zote zimeandikwa chini yake.

Ukiandika saa, taja na wakati wa siku. "Boti inaondoka Mkoani 1:30" inaweza kuwa asubuhi kwa saa zetu au mchana kwa saa ya simu, na anayesikiliza hana picha ya jua linalochomoza pembeni imsaidie. Andika "saa 1:30 asubuhi".

La karatasi zilizoskaniwa linaniuma zaidi. Ami ana kijana wa jirani yake, naye haoni, kasoma mpaka chuo, anatafuta kazi. Siku moja alikuja na tangazo alilotumiwa. Mwishoni mwa tangazo pameandikwa kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Nililisoma mimi, kwa macho yangu, kwa sababu tangazo zima ni karatasi iliyopigwa muhuri, ikaskaniwa, ikawekwa kama PDF, na NVDA ilipoifungua haikukuta hata herufi moja ya kusoma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo, katika ibara yake ya 9. Ikiwa ofisi yako lazima itoe karatasi yenye muhuri, itoe. Lakini ile hati uliyoiandika kwenye Word kabla hujaichapisha bado unayo. Chukua maneno yake uyaweke kwenye ukurasa kama maandishi. Ni dakika tano.

Fomu na kibodi

Kwenye fomu yangu ya kuagiza, maneno "Jina lako" na "Namba ya simu" yalikuwa yale maandishi hafifu yanayokaa ndani ya kisanduku na kupotea ukianza kuandika. Mtu akikatishwa katikati, akirudi hajui kisanduku hiki kilikuwa cha nini. Weka `label` juu ya kila kisanduku, na uifunge nacho: `for` ya lebo ifanane na `id` ya kisanduku. Likitokea kosa, liseme kwa maneno. Mimi nilikuwa nawasha mstari mwekundu tu. Sasa fomu inasema "Namba ya simu ina tarakimu 9, inatakiwa 10", na mama wa kikundi mwenye macho yake mawili alinambia kwamba na yeye sasa ndiyo anaielewa.

Kibodi alinifundisha mtu mwingine, kijana mwenye mtindio wa ubongo anayekuja dukani chini ya ofisi yangu. Mikono yake inatetema, kipanya hakimtii, lakini kibodi anaimudu vizuri sana. Nilimpa tovuti. Akabonyeza Tab, akabonyeza tena, akaniuliza: "Niko wapi?" Sikuweza kumjibu. Ule mstari unaozunguka kiungo kuonyesha ulipofika nilikuwa nimeuondoa, kwa sababu mteja mmoja wa zamani aliuona unaharibu sura, nami nikazoea kuuondoa kila mahali. Ukikuta `outline: none` kwenye CSS yako, ifute, au uweke mstari wako mwingine unaoonekana wazi. Kisha weka kipanya pembeni ujaribu kuagiza kitu kwa Tab, Enter na mishale peke yake, mwanzo hadi mwisho. Menyu inayofunguka kwa kupitisha kipanya juu yake tu itakukwamisha papo hapo, na ndivyo inavyomkwamisha yeye.

Vitufe viwe vikubwa. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti ambazo watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, WCAG, toleo 2.2 la mwaka 2023, kwa kiwango cha AA, yaani cha kati, unataka visipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi naweka 44, na kijana yule anavigusa kwenye simu bila kurudia.

Asiyesikia

Kina mama walikuwa na video nzuri ya kupika sabuni, wakieleza wenyewe. Tuliiandikia maneno yake chini. Maandishi yanayojitengeneza yenyewe yanafaa kuanzia kazi, lakini yapitie sentensi kwa sentensi, hasa majina ya mahali na lafudhi ya Kipemba. Ukimpata mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania itakuwa bora zaidi. Viziwi wengi lugha yao ya kwanza ni alama, Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili, kwa hiyo sentensi fupi na maneno ya kila siku yanawafaa kuliko zile aya za "kwa mujibu wa" na "hivyo basi".

Na angalia sehemu ya mawasiliano. Yangu ilisema "Kuagiza, piga simu", ikaishia hapo. Kiziwi apige amwambie nani nini? Ongeza namba ya SMS na ya WhatsApp, na uandike kuwa ujumbe wa maandishi unajibiwa.

Tukirudi kwenye rangi, hapa kipimo cha Lighthouse kinakusaidia vya kutosha. Maandishi ya kawaida na mandhari yake yatofautiane kwa mwangaza, 4.5 kwa 1 au zaidi. Yakiwa makubwa, 3 kwa 1. Tovuti za Zanzibar zinapenda rangi ya bahari, lakini ile yenye msimbo `#40E0D0` juu ya nyeupe ni kama 1.6 kwa 1. Ukiikoleza mpaka `#00695C` inapita 6 kwa 1, na bado ni bahari, ya maji makuu. Kijivu cha `#999` juu ya nyeupe pia hakipiti. Wa kwanza kufaidika ni yule anayesoma simu yake saa saba mchana sokoni.

Utauziwa pia vidude vya kubandika, kialama cha kigari cha magurudumu kwenye pembe ya ukurasa, ukiahidiwa kwamba kinarekebisha kila kitu. Usinunue. Hakijui kwamba sabuni yako imefungwa kwa ukindu, hakikupangii bei za bango kwenye jedwali, na Ami anavikwepa kwa sababu vinagombana na programu yake aliyoizoea.

Ikiwa wewe ndiye unayelipa, andika kwenye mkataba tangu mwanzo: tovuti ifikie WCAG 2.2 kiwango cha AA, na ijaribiwe na watu wenye ulemavu kabla ya malipo ya mwisho. Kuongeza haya wakati wa kujenga hakukunichukulia muda mwingi. Kurudi kuyarekebisha kwenye tovuti iliyokwisha kulinichukua wiki mbili. Wa kuwaomba wajaribu wapo: anza na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, au Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA. Na uwalipe. Ni kazi, inahitaji ujuzi ambao wewe huna, na nauli ya kutoka Micheweni kuja Chake hailipwi kwa asante.

Mwisho, chini ya kila ukurasa weka sentensi moja: "Ukikwama popote kwenye tovuti hii, tuandikie tukusaidie", na namba ya WhatsApp pembeni. Tuliiweka, na mwezi wa pili ikaingia sauti ya mama mmoja anayetumia TalkBack. Alikuwa anasema kitufe cha kuongeza idadi hakina jina, kinasema "kitufe" basi. Nilikuwa nimekibadilisha wiki ile ile, nikaweka alama ya kujumlisha ya kuchora badala ya neno. Nilikiandikia `aria-label="Ongeza kipande kimoja"`, jina linalosikika bila kuonekana, nikamrudishia ujumbe, akaagiza vitano.